Kumfungia Njia au Kukaa Naye?



Muhula huu chama chetu cha mijadala kilipewa neno hili: kwamba dikteta mwenye bomu la atomiki yafaa abanwe kwa vikwazo vya uchumi, wala si kwa mazungumzo. Mimi niliwekwa upande wa kupinga, na upande wetu ukashindwa kwa kura nne. Sina kinyongo. Msemaji wa upande wa pili ana sauti nzuri kuliko yangu, na vijana wa madarasa ya chini hupenda sauti. Lakini dakika saba ni chache mno kwa jambo lililowasumbua wakubwa wa dunia zaidi ya miaka thelathini. Nimemwomba mhariri anipe nafasi niyaseme yale ambayo kengele ilinikatiza, naye kwa wema wake amekubali.

Nchi tuliyoifanya mfano ni Korea ya Kaskazini, nami sioni mfano ulio bora zaidi. Tangu mwaka 1948 imetawaliwa na watu watatu wa nyumba moja: Kim Il Sung, kisha mwanawe Kim Jong Il, kisha mjukuu wake Kim Jong Un. Uchaguzi wa kweli hakuna, gazeti lisilo la serikali hakuna, wala mtu hasafiri apendako bila ruhusa. Nchi hiyo imejaribu mabomu ya atomiki mara sita: mwaka 2006, mwaka 2009, mwaka 2013, mara mbili mwaka 2016, na mara ya sita tarehe 3 Septemba 2017. Kila mara Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliongeza vikwazo. Basi kama kuna mahali pa kupima nguvu za dawa hizi mbili, ni pale.

Huenda mtu akauliza, kijana wa Burundi ana nini na Korea? Nitamjibu kabla sijaendelea, kwani bila jibu hilo hataelewa kwa nini nasema kwa ukali kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Nilikuwa sijazaliwa mwezi wa Julai 1996, wakati Meja Pierre Buyoya alipotwaa serikali kwa nguvu za jeshi, na nchi jirani zikakutana Arusha na kuamua kutufungia njia. Lakini bibi yangu alikuwapo. Alikuwa na meza sokoni, akiuza chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa. Nchi yetu haina bahari. Petroli, mbolea na mengi mengine hutujia kwa barabara au kwa meli za ziwani, na mwenye kushika barabara na ziwa ametushika sisi. "Mume wangu," aniambia bibi (ndivyo bibi zetu watuitavyo wajukuu wa kiume), "asubuhi bei ilipanda, jioni ikapanda tena, na kesho yake mzigo wenyewe ukawa haupo." Mafuta ya taa yakawa yauzwa kwa vipimo vya chupa ndogo ya soda. Kabla ya mwaka kwisha meza ile ilikufa, na mwaka 1997 mama yangu, aliyekuwa mwaka wa pili wa sekondari, akaacha shule. Hakurudi tena. Leo yeye ndiye anilipiaye karo, kwa mikono yake, na kila ninapomwandikia barua humsomea jirani kwa sauti ili ajue kwamba mwanawe anaandika vizuri.

Sitaki kumdanganya msomaji. Vita vilikuwa vimeanza tangu mwaka 1993, navyo viliharibu zaidi, mbali sana, kuliko kufungiwa njia. Lakini bibi hutenga mambo haya mawili. Asema vita vilimnyang'anya kila mtu. Kule kufungiwa njia kuliwanyang'anya wengine na kuwatajirisha wengine. Wenye malori na wenye kujuana na wakubwa walipitisha petroli usiku kwa magendo. Wakajenga. Na watu wa serikali, asema, hakuwaona hata siku moja wakienda kazini kwa miguu.

Ndiyo maana mwenzangu aliposimama katika mjadala akasema kwamba watu wakiona njaa watamwondoa mtawala wao, nilitamani bibi angekuwamo ukumbini.

Haya, sasa twende Korea yenyewe.

Mwaka 1994 bomu lilikuwa bado. Kilichokuwapo ni kinu cha atomiki mahali paitwapo Yongbyon, kaskazini ya mji mkuu Pyongyang, na fito zipatazo 8,000 za urani zilizokwisha kutumika humo. Fito hizo zikipitishwa katika kiwanda chake hutoa plutoniamu ya kutosha mabomu kadhaa. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliona kwamba hesabu walizopewa hazilingani na walichokuta. Marekani ikafikiri kuvipiga vinu vile kwa ndege, na pia ikaanza kutafuta kura za vikwazo. Ndipo Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani hapo zamani, alipokwenda Pyongyang mwezi wa Juni kama mtu binafsi, akakaa na Kim Il Sung wakazungumza. Mzee Kim alifariki mwezi uliofuata, lakini mazungumzo hayakufa naye. Tarehe 21 Oktoba 1994 mapatano yalitiwa sahihi huko Geneva.

Mapatano yenyewe yalikuwa kama ya sokoni, nipe nikupe. Korea ya Kaskazini ifunge kinu cha Yongbyon, na wakaguzi wakae hapohapo. Marekani na wenzake waipelekee tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka, na waijengee vinu viwili vya namna nyingine vya kutoa umeme, ambavyo ni vigumu zaidi kutolea bomu. Fito zile 8,000 zikatiwa katika makopo na kutiwa lakiri. Kwa miaka minane kinu kile hakikuwaka. Kwa miaka minane haikutoka hapo hata gramu moja ya plutoniamu. Nimetafuta katika habari yote ya vikwazo, toka mwaka 2006 hadi leo, mwaka mmoja tu ambao vikwazo vilifanya kazi kama hiyo. Sikuuona.

Hapa mwenzangu aliruka. "Lakini walidanganya!" alisema, na ukumbi ukapiga makofi. Ni kweli, walidanganya. Huku wamefunga mlango wa plutoniamu, walianza kwa siri kutafuta njia ya pili, ya kurutubisha urani. Mwaka 2002 Marekani iliwakabili kwa jambo hilo, na mafuta yakakatwa mwisho wa mwaka. Nao wakawafukuza wakaguzi, wakakata lakiri, wakatoka katika Mapatano ya Kutoeneza Silaha za Atomiki mwezi wa Januari 2003, na fito zile wakazipeleka kiwandani. Tarehe 9 Oktoba 2006 walilipua bomu la kwanza.

Mimi nauliza hivi. Mtu ana milango miwili ya kutokea. Mmoja umeufunga kwa kufuli, na wa pili akautoboa kwa siri. Je, utaizuia safari yake kwa kuukasirikia ule wa pili na kuufungua ule wa kwanza? Ndivyo ilivyofanyika. Kiwanda cha urani kilikuwa bado kichanga sana. Hata mtaalamu wa Marekani, Siegfried Hecker, alioneshwa mashine zake kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2010. Plutoniamu ilikuwa tayari, mle makoponi, ikingoja. Udanganyifu ulikuwa sababu njema ya kurudi mezani kwa hasira na kudai mlango wa pili nao ufungwe. Haukuwa sababu ya kuuachia wa kwanza.

Sasa nitasema neno litakalowashangaza walionisikia katika mjadala, maana sikupata nafasi ya kulisema. Mimi sipingi vikwazo vyote. Kuna kikwazo kimoja katika habari hii ambacho nakisifu, nacho ni kidogo kabisa. Mwezi wa Septemba 2005 Marekani iliilaumu benki moja ya Macau, Banco Delta Asia, kwamba yaficha fedha chafu za Korea ya Kaskazini, na fedha zipatazo dola milioni 25 zikazuiwa humo. Milioni 25 si kitu kwa serikali. Lakini fedha hizi hazikuwa za mwuza sabuni. Zilihusu wakubwa wenyewe, na benki nyingine ziliogopa zikawafungia milango. Wakubwa wakapiga kelele ambayo hawakuipiga kwa njaa ya wananchi wao wakati wowote. Kisha, nalo ndilo la maana, fedha zile zilirudishwa. Mapatano yalifanywa Beijing mwezi wa Februari 2007 kati ya nchi sita. Fedha zilirudi mwezi wa Juni kupitia benki ya Urusi, na mwezi wa Julai kinu cha Yongbyon kikafungwa tena. Tarehe 27 Juni 2008 mnara wa kupozea kinu ukalipuliwa mbele ya waandishi wa habari, nao ukaanguka kwa vumbi jeupe.

Mtazame jinsi jambo lilivyokwenda. Kikwazo kilifaa kwa kuwa kiliwaumiza waamuzi wenyewe, na kwa kuwa aliyekiweka alikubali kukiondoa alipolipwa. Kwangu mimi hayo ndiyo yote. Kikwazo ni mali ya kuuzia. Mtu akiweka mali dukani na kukataa kila bei, asilalamike kwamba hakuuza.

Baadaye mazungumzo ya nchi sita yalivunjika kwa ugomvi juu ya namna ya kukagua. Mwezi wa Aprili 2009 Korea ya Kaskazini ilirusha roketi, ikakaripiwa, ikatoka mezani, na mwezi wa Mei ikajaribu bomu la pili. Sitaki kuwasafisha. Lakini toka hapo dunia ilishika njia ya mwenzangu, nayo ilipewa nafasi kamili ya kujionyesha.

Maazimio ya Baraza la Usalama yaliongezeka mwaka baada ya mwaka. Mwanzo yaligusa silaha na mitambo yake. Mwaka 2016 na 2017 yaligusa kila kitu. Makaa ya mawe yakakatazwa, na chuma, samaki, nguo. Mafuta yaliyosafishwa yakawekewa kipimo cha mapipa 500,000 kwa mwaka. Wafanyakazi walioko nchi za nje wakaamriwa warudishwe makwao kabla ya mwisho wa mwaka 2019. Hata sanamu zikakatazwa! Msomaji asicheke, sisi Waafrika tulikuwa wanunuzi wakubwa wa sanamu hizo. Lile sanamu kubwa la Dakar la mwaka 2010, lenye urefu wa mita 49, lilijengwa na watu wa Korea ya Kaskazini, na wamejenga pia Namibia. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na walimu wao wa polisi na jeshi, mpaka walipotangaza mwaka 2016 kwamba uhusiano huo umekwisha. Hivyo neno hili la Korea si la mbali kama watu wadhanivyo.

Matokeo yake? Katika miaka hiyohiyo miwili ya vikwazo vikali ndipo yalipolipuliwa mabomu matatu kati ya sita, na tarehe 29 Novemba 2017 likarushwa kombora ambalo wataalamu walisema laweza kufika popote Marekani.

Wengine hujibu kwamba vikwazo havikuwa vikali vya kutosha, kwani China ilikuwa ikifumba macho mpakani. Jawabu hilo lilikuwa na nguvu hadi mwaka 2020. Mwezi wa Januari mwaka huo, kwa kuogopa ugonjwa wa korona, Korea ya Kaskazini ilifunga mipaka yake yenyewe. Biashara yake na China ilianguka kwa zaidi ya robo tatu katika mwaka mmoja. Hakuna azimio lolote la New York lililopata kufanya hivyo. Mwezi wa Juni 2021 Kim Jong Un mwenyewe alikiri mbele ya chama chake kwamba hali ya chakula ni ngumu. Basi kama njaa ingeweza kuondoa bomu, wakati wake ulikuwa huo. Lakini mwaka 2022 nchi hiyo ilirusha makombora mengi kuliko mwaka wowote wa nyuma, na mwezi wa Septemba ikatunga sheria ya kusema kwamba yenyewe ni dola ya atomiki na jambo hilo halirudi nyuma.

Na fedha zatoka wapi? Wale wa magendo niliowataja wa Bujumbura walikuwa na malori. Hawa wana kompyuta. Mwezi wa Februari 2025 ziliibwa mali za kidijiti za thamani ya dola bilioni 1.5 kwa siku moja, na FBI ya Marekani ikasema ni kazi ya watu wa Korea ya Kaskazini. Mtawala aliyefungiwa makaa ya mawe ametafuta njia nyingine. Mchimbaji wa makaa hana njia nyingine.

Nisiache kusema haki juu ya njaa kubwa ya miaka ya 1990 na kitu. Wako wanaosema vikwazo viliiua Korea ya Kaskazini kwa njaa. Si kweli kwa njaa ile. Ilikuja kabla ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, baada ya Urusi ya zamani kuanguka na kuacha kutoa msaada, na baada ya mafuriko ya mwaka 1995, na zaidi kwa sababu ya serikali iliyolisha jeshi kwanza. Watu waliokufa ni wengi mno, na serikali haikutikisika. Hilo lingetosha kuwaonya wale waliotumaini baadaye kwamba tumbo la mwananchi lingemshurutisha Kim.

Sasa nifike Hanoi, maana ndipo ninaposikitika kuliko mahali pengine. Mwezi wa Juni 2018 Rais Trump wa Marekani na Kim Jong Un walikutana Singapore, wakapeana mikono na kutia sahihi karatasi yenye maneno mazuri na mepesi. Tarehe 27 na 28 Februari 2019 walikutana tena Hanoi. Kim alisafiri kwa gari la moshi zaidi ya siku mbili kufika huko. Waziri wake Ri Yong Ho alieleza usiku, baada ya mambo kuharibika, kwamba walikuwa tayari kuvunja vinu vya Yongbyon mbele ya wataalamu wa Marekani, ikiwa wataondolewa maazimio matano kati ya kumi na moja, yale yanayogusa maisha ya raia. Trump alisema walitaka vikwazo vyote viondolewe. Marekani nayo ilijua kwamba viko viwanda vingine nje ya Yongbyon, ikataka vyote. Kila mmoja akashika lake. Chakula cha mchana kilichokuwa kimeandaliwa hakikuliwa, wakubwa wakaondoka. Nilipomsimulia bibi habari hii, swali lake la kwanza lilikuwa chakula kile kilipelekwa wapi. Swali la pili lilikuwa bora kuliko yote niliyoulizwa ukumbini: "Mbona hawakushusha bei?"

Ndiyo, mbona? Mfanyabiashara wa soko letu, akiambiwa matano, husema mawili. Mnunuzi husema matatu. Wangeweza kuuziana vikwazo vya nguo na makaa kwa Yongbyon peke yake, wakaguzi warudi, na mengine yangoje. Lakini mmoja alitaka vyote kwa vyote, na wa pili hakuwa na amri ya kupunguza. Kwa hiyo vikwazo vilibaki, na Yongbyon ikabaki.

Nitarudi kwetu kidogo, maana watu wengi husahau namna kifungo chetu kilivyofunguliwa. Hakikufunguliwa mara moja. Buyoya alirudisha bunge na kuruhusu vyama mwezi wa Septemba 1996. Mwezi wa Aprili 1997 nchi jirani zililegeza: chakula, dawa, vitabu na vifaa vya shule, mbolea vikapita. Mazungumzo ya vyama vyote yalianza Arusha mwezi wa Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa mpatanishi. Mwezi wa Januari 1999 vikwazo vilisimamishwa kabla mapatano hayajatiwa sahihi, wala watu hawakuondoka mezani kwa sababu hiyo. Mwalimu alifariki mwezi wa Oktoba mwaka huo, Mandela akaishika kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 sahihi zikatiwa. Vita havikwisha siku hiyo, kama kila Mrundi ajuavyo. Lakini waliofunga njia walijua kufungua kidogo kidogo, na kila walipofungua walikuwa na mtu wa kuzungumza naye upande wa pili. Kwa mama yangu ule ulegezaji wa vifaa vya shule ulichelewa.

Mwenzangu alileta pia mfano wa Afrika ya Kusini, nao ni mfano mzuri kwa upande wake. Nchi ile ilikuwa na mabomu sita, ikayavunja, na Rais de Klerk akalitangazia bunge jambo hilo tarehe 24 Machi 1993, baada ya miaka mingi ya vikwazo. Lakini pale walioumia kwa vikwazo, wenye viwanda na mabenki, walikuwa na kura na masikio ya serikali. Tena walikuwa wamekwisha anza kuzungumza na Mandela, na wakati huo Wakuba walikuwa wakiondoka Angola. Pyongyang hakuna mwenye kiwanda awezaye kumwambia Kim, "Bwana, imetosha."

Dikteta wa namna hii humwogopa mtu mwingine kuliko njaa ya watu wake. Humwogopa yule atakayemwua. Kanali Gaddafi wa Libya alitangaza mwezi wa Desemba 2003 kwamba ataacha mipango yake ya silaha hizi, naye akaondolewa vikwazo. Mwaka 2011 ndege za NATO zilimpiga, na tarehe 20 Oktoba akauawa na watu wake barabarani. Wakati mabomu yakianguka Libya, serikali ya Pyongyang ilisema wazi kwamba Walibya walidanganywa wavue ngao yao. Na mwaka 2018 mshauri wa Rais Trump, John Bolton, alitaja kwa kinywa chake kwamba Korea ifuate mfano wa Libya! Sijui kama mtu anaweza kuchagua neno baya zaidi la kumkaribishia mgeni.

Kwa hiyo sisemi kwamba mazungumzo yatamfanya Kim Jong Un atupe bomu lake lote. Sidhani atalitupa maishani mwake. Mwezi wa Septemba 2025 aliliambia bunge lake kwamba yu tayari kukaa na Marekani ikiwa itaacha kumdai atupe silaha hizo. Tena bei imepanda. Tarehe 19 Juni 2024 alitia sahihi mkataba na Rais Putin wa Urusi, na mwaka huohuo akapeleka askari wake kupigana upande wa Urusi. Mwezi wa Machi 2024 Urusi ilikuwa imekwisha tumia kura yake ya turufu kulivunja lile jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakichungua wavunjao vikwazo. Ukuta ambao mwenzangu anautegemea umekwisha kubomolewa upande mmoja, na kila mwaka vikwazo vyapungua thamani mkononi mwa aliyevishika.

Ningekuwa mjumbe, basi, ningekwenda kuviuza sasa, vingali na bei. Ningeacha kwa sasa neno la kutupa mabomu yote. Ningetaka vitu vitatu vinavyopimika: asijaribu tena bomu, Yongbyon ifungwe, na wakaguzi wa Shirika la Nguvu za Atomiki, waliofukuzwa mara ya mwisho mwaka 2009, warudi na lakiri zao. Kwa malipo ningetoa kwanza nguo, kisha samaki, kisha makaa ya mawe, kimoja kwa kimoja, kila kimoja baada ya wakaguzi kuandika kwamba wameona. Vikwazo vya fedha za wakubwa, na vya silaha, na vya vyombo vya makombora, hivyo ningevikalia. Ningeanza na nguo kwa sababu zinashonwa na watu wengi, na kwa sababu fedha yake yaweza kufika katika meza ya mwanamke auzaye sabuni huko Pyongyang au Chongjin, ambaye simjui, wala hajui kwamba kuna mtaa uitwao Buyenzi.